Kuzuia Shehena kwa Mbao kwenye Trela la Flatibedi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Maswali yanayonifikia kuhusu kufunga mizigo yanafanana mno. "Mikanda ilikuwa mipya, nikaikaza mpaka viganja vikauma, lakini nilipofika nikakuta kreti limesogea mbele karibu nusu mita." Nikiuliza mbao ziliwekwaje, jibu ni kwamba zilichomekwa chini ya mzigo, au ziligongwa misumari miwili mitatu ili zisidondoke njiani.

Hapo ndipo kazi inapoharibika. Mkanda unaopita juu ya mzigo unaubana tu sakafuni. Kitu kinachozuia mzigo usiende mbele dereva anapokanyaga breki ni kitu kigumu kilichosimama mbele yake bila kuacha upenyo. Kwenye flatibedi, trela lisilo na kuta za pembeni, kitu hicho mara nyingi ni mbao. Lakini mbao hufanya kazi hiyo pale tu ilipolazwa, ilipoelekezwa na kuegemezwa inavyotakiwa.

Soma hatua zote kabla ya kupakia. Ukishashusha mzigo wa tani 10 juu ya mbao zilizokaa vibaya, utahitaji kreni kurudi mwanzo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla kreni haijafika

- Mbao nene za nne kwa nne (takriban sentimita 10 kwa 10) kwa kulalia na kuzuia
- Mbao za mbili kwa nne kwa kuunganisha na kufungia fremu
- Kabari za mbao ngumu, zilizokatwa tayari
- Mikeka ya mpira ya kuzuia utelezi
- Misumari ya urefu tofauti, pamoja na skrubu ndefu au bolti kwa fremu nzito
- Nyundo, msumeno, mtaimbo, utepe wa kupimia, chaki
- Keekee yenye biti nyembamba kuliko msumari
- Mikanda ya racheti au minyororo na baindi zake (vifaa vya kuikazia), lebo zikisomeka
- Kinga za pembe, ili mkanda usikatwe na ukingo wa mzigo
- Glavu, kofia ngumu na buti zenye chuma kidoleni
- Ufagio

Ufagio nimeuandika kwa makusudi. Mchanga, maranda na mafuta sakafuni huufanya mzigo uteleze kama umewekewa magurudumu.

Kama mzigo unavuka mpaka wa nchi, angalia na muhuri wa mbao. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inataka mbao za kufungashia na za kulalia mizigo ziwe zimemenywa magome na kutibiwa. Njia iliyozoeleka ni joto: nyuzi 56 za Selsiasi hadi kwenye kiini cha mbao, kwa dakika 30 mfululizo. Mbao hizo hupigwa muhuri wenye herufi HT. Mbao isiyo na muhuri inaweza kukuzuilia gari zima mpakani kwa sababu ya wadudu wanaojificha ndani yake.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya nguvu

Usiruke hatua hii kwa kudhani ni ya wahandisi. Kuzidisha na kugawanya kunatosha.

Kanuni za Ulaya na za Marekani zinakaribiana katika kipimo cha msingi. Ufungaji wa mzigo lazima uhimili msukumo wa mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa kurudi nyuma na kwa kila ubavu. Mzigo wa tani 10, basi, unaweza kusukuma mbele kwa nguvu ya tani 8 breki zikishikwa ghafla.

Sehemu ya nguvu hiyo inamezwa na msuguano kati ya mzigo na sakafu. Mbao juu ya sakafu ya plaiwudi iliyo kavu na safi hushika kwa kiwango cha karibu 0.45. Mbao juu ya bati laini la chuma hushika kwa karibu 0.3. Mkeka wa mpira unafika 0.6.

Tuseme kreti la mbao la tani 10 limekaa juu ya sakafu ya chuma. Msuguano unazuia tani 3, kwa hiyo zinabaki tani 5 za kuzuia. Ukitaka mikanda ya juu peke yake izizuie, inabidi iongeze mgandamizo wa tani 5 kugawanya kwa 0.3, yaani karibu tani 17.

Sasa soma lebo ya mkanda. Tafuta namba iliyo karibu na herufi STF: ndiyo mvuto unaobaki mkandani baada ya mtu kukaza racheti kwa mkono. Kwenye mikanda mingi ya upana wa sentimita 5 ni kama kilo 350. Mkanda unabana pande mbili, kwa hiyo kwa ubora wake wote unakupa kilo 700. Tani 17 zinataka mikanda 24.

Sijawahi kuona mtu aliyefunga mikanda 24 kwenye kreti moja.

Weka kizuizi cha mbao imara mbele ya kreti hilohilo. Sasa mikanda inabakiwa na kazi ya pembeni: tani 5 za msukumo, ukitoa 3 za msuguano, zinabaki 2, na hesabu ileile inakupa mikanda 10. Tandika na mikeka ya mpira chini, na msuguano peke yake unameza ule msukumo wa pembeni. Mikanda michache inabaki kwa kuzuia mzigo usirukeruke. Katika mfano huu sijaweka akiba yoyote ya usalama. Wewe iweke.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja uzito wa mzigo, nguvu inayokwenda mbele, na kitu kitakachoipokea.

## Hatua ya 2: Ikague sakafu ya trela

Fagia, kisha tembea juu yake yote. Tafuta ubao uliooza, shimo, msumari wa safari iliyopita, doa la mafuta.

Inama na utazame chini pia. Kule kuna mihimili ya chuma inayokatiza, na kuna mabomba ya upepo ya breki na nyaya za taa. Weka alama ya chaki juu ya sakafu pale mihimili inapopita, maana ndipo mzigo mzito unapotakiwa kukaa. Weka alama nyingine pale mabomba yanapopita, na hapo usigonge msumari hata kidogo. Msumari uliotoboa bomba la upepo unaweza kuvujisha polepole, ukagundulika gari likiwa njiani.

Pima pia unene wa sakafu. Sakafu nyingi za mbao kwenye matrela hazizidi sentimita chache. Msumari mrefu ukitokeza chini haujapata nguvu yoyote ya ziada.

Kama sakafu ni chuma kitupu, misumari imekwisha kazi. Vizuizi vyako vyote vitakuwa fremu inayoegemea ukuta wa mbele au vigingi vya pembeni, au fremu inayokaliwa na mzigo wenyewe.

## Hatua ya 3: Chagua mbao, kisha zikate

Mbao ya kubeba mzigo ni tofauti na mbao iliyobaki kwenye ujenzi. Ikatae mara moja mbao yenye ufa unaofuata urefu wake, yenye fundo kubwa katikati, iliyooza, au iliyopinda kama upinde.

Ikatae mbao mbichi pia. Mbao mbichi husinyaa inapokauka. Ukiibana leo asubuhi, jua la mchana na upepo wa njiani vitaipunguza, na ule upenyo uliouziba utajifungua wenyewe. Misumari iliyogongwa kwenye mbao mbichi nayo hulegea kwa sababu hiyohiyo.

Sasa jambo ambalo nimelirudia kuliko yote: elekeza nyuzi za mbao zifuate nguvu. Mbao ina nguvu mara kadhaa zaidi inaposukumwa kichwani, kufuata urefu wa nyuzi zake, kuliko inapominywa ubavuni. Utaona mtu ameweka rundo la vipande vilivyolala ubavu mbele ya mashine ya tani 15, kimoja nyuma ya kingine, kama mkate uliokatwa. Breki ya kwanza inaviminya, kila kimoja kidogo tu, na jumla yake inakuwa upenyo wa vidole vinne. Egemeo moja, yaani mbao inayopokea msukumo kichwani, lililolala kufuata urefu wa trela lingekaa bila kutikisika.

Kata ncha ziwe na pembe mraba. Ncha iliyokatwa mshazari hugusa kwa ukingo tu. Ukingo unabonyea, kisha egemeo lote linachepuka.

Umefaulu ikiwa: ukisimamisha kipande sakafuni kwa kichwa chake, kinasimama wima bila kushikwa.

## Hatua ya 4: Panga mbao za kulalia

Hizi ndizo zinazokaa kati ya mzigo na sakafu, au kati ya tabaka na tabaka. Zinaacha nafasi ya uma za foklifti na zinatawanya uzito.

Mbao ya mstatili ilaze kwa upande wake mpana. Mbao ya mbili kwa nne iliyosimamishwa kwa ukingo wake mwembamba itapinduka mzigo ukianza kujisukuma, na ikipinduka mzigo unashuka, mikanda yote inalegea kwa mpigo mmoja. Hili nimelishuhudia kwa macho yangu: bomba za chuma, mikanda sita, na hakuna mkanda hata mmoja uliokatika. Mbao zilianguka kifudifudi, mikanda ikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Kama unataka kimo zaidi, tafuta mbao ya mraba iliyo nene zaidi. Usizipandishe nyembamba mbili juu ya nyingine zikiwa hazijaunganishwa.

Ziweke juu ya mihimili uliyoitia chaki. Zote ziwe na unene mmoja. Ikiwa moja ni nyembamba kwa sentimita moja, zile za jirani yake zinabeba uzito wote na yenyewe inalegea, inatoka.

Kwenye tabaka za juu, panga kila mbao moja kwa moja juu ya mwenzake wa chini. Ukizipishanisha, mzigo wa katikati unapinda kama daraja, na unapopinda mikanda inalegea.

Kati ya mbao na sakafu, na kati ya mbao na mzigo, weka mkeka wa mpira. Pande zote mbili. Ukiweka upande mmoja tu, mzigo utateleza upande ule usio na mkeka.

## Hatua ya 5: Jenga kizuizi cha mbele

Hii ndiyo hatua inayookoa maisha ya dereva, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Mzigo ukifika ukuta wa mbele. Usukume mpaka uguse. Kisha angalia mambo mawili. La kwanza ni uzito kwenye ekseli: mzigo mzito uliosogezwa wote mbele unaweza kuielemea ekseli ya kichwa cha lori na kuinyima ya nyuma mshiko. La pili ni nguvu ya ukuta wenyewe. Kiwango cha Ulaya cha EN 12642 kinawataka watengenezaji wa bodi ya kawaida waufanye ukuta wa mbele uhimili asilimia 40 ya uzito unaoruhusiwa kubebwa, lakini si zaidi ya takriban tani 5. Bodi iliyoimarishwa inatakiwa kuhimili asilimia 50. Ukuta wa mbele hausimami peke yake dhidi ya shehena ya tani 20, na ukuta uliopigwa welding mtaani bila kipimo usiutegemee kabisa.

Mzigo usipofika ukuta wa mbele. Hapa jenga fremu ya kuziba nafasi. Ina sehemu tatu:

1. Mbao ya kukingama inayogusa mzigo. Ilaze kutoka ubavu hadi ubavu, kwenye kimo ambacho mzigo una mwili mgumu: fremu ya kreti, kitako cha mashine, kamwe si bati la pembeni au kifuniko cha injini.
2. Mbao nyingine ya kukingama inayogusa ukuta wa mbele, kwenye kimo kilekile.
3. Maegemeo mawili au zaidi katikati yao, yakilala kufuata urefu wa trela, vichwa vikigusa zile mbao mbili.

Ukitazama kutoka juu, utaona umbo la herufi H iliyolala. Nguvu inatoka kwenye mzigo, inaingia mbao ya kwanza, inapita kwenye maegemeo kichwa kwa kichwa, inatawanywa kwenye ukuta na mbao ya pili.

Egemeo refu lina hatari yake: hupinda katikati kama fimbo unayoibonyeza chini kwa kiganja. Likizidi urefu wa mita moja hivi, mimi hulifunga na jirani yake kwa ubao wa kukatiza katikati, na nyingine ya mshazari. Kata egemeo refu kidogo kuliko nafasi, milimita mbili tatu, kisha liingize kwa nyundo. Lisiwe la kuingia kwa mkono.

Fremu isielee. Isimamie miguu ya mbao kila kona, na ifungwe isipande juu. Trela likipita kwenye tuta, kitu chochote kisichofungwa hunyanyuka.

Mzigo mrefu wa kwenda juu. Kizuizi cha sakafuni kinauzuia kuteleza, lakini kinaweza kuupindua, kama mtu aliyejikwaa. Kanuni rahisi kwa sanduku lenye uzito katikati yake: gawanya urefu wake, upande unaofuata safari, kwa kimo. Ukipata chini ya 0.8, linaweza kuangukia mbele. Gawanya upana kwa kimo. Ukipata chini ya 0.5, linaweza kuangukia ubavuni. Mzigo wa aina hiyo uwekee kizuizi cha juu pia, au minyororo ya mshazari inayouvuta nyuma.

Umefaulu ikiwa: kila egemeo ukiligonga kwa nyundo linalia kwa sauti ya juu, iliyokaza. Sauti nzito, ya kufifia, ni ya egemeo lililolegea. Na kipande cha karatasi hakipiti kati ya mzigo na mbao.

## Hatua ya 6: Nyuma na pembeni

Mtindo ni uleule, nguvu ni ndogo kidogo. Tumia matundu ya vigingi yaliyo ukingoni mwa trela: simamisha vigingi, laza mbao nene ndani yake, na uziegemeze kwenye mzigo. Nafasi kati ya vipande viwili vya mzigo ihesabu kama nafasi ya mbele, maana kipande cha nyuma kitakimbia kukigonga cha mbele.

## Hatua ya 7: Mizigo inayoviringika

Mabomba, mapipa, magogo na koili za chuma (bati refu lililoviringishwa). Kwa mizigo hii mkanda peke yake ni hatari, kwa sababu kitu cha mviringo hakihitaji kuteleza ili kiondoke.

Kabari ikatwe kwa mwinuko wa karibu nyuzi 37. Ni rahisi kupima bila chombo: kimo sehemu 3, tandiko sehemu 4. Kabari ya bapa zaidi ya hapo mzigo unaipanda. Ichomeke ndani kabisa mpaka iguse mwili wa mzigo, mbili mbele na mbili nyuma, kisha ifunge isirudi.

Kama unatumia kizuizi cha mraba badala ya kabari, na hakuna mkanda juu, kimo chake kisipungue theluthi moja ya nusu kipenyo. Bomba la kipenyo cha sentimita 120 lina nusu kipenyo cha 60, hivyo kizuizi kiwe na sentimita 20 au zaidi.

Chukua mfano wa koili ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 150, iliyolazwa kati ya mbao mbili za nne kwa nne. Kwa macho inaonekana imetulia. Lakini kwa kimo cha sentimita 10 tu, koili hiyo itaanza kuipanda mbao ya mbele msukumo ukifika karibu asilimia 58 ya uzito wake, na breki kali inaleta 80. Kiasi kinachobaki lazima kibebwe na minyororo inayopita kwenye tundu la koili na kuvuta kuelekea nyuma.

Koili isiguse sakafu. Ikalie mbao zote mbili, na uhakikishe unapitisha mkono au ubao mwembamba chini yake. Ikigusa sakafu, uzito umehama kutoka kwenye mbao, na mbao hazishiki tena chochote.

Mbao hizo mbili zinasukumwa kuachana muda wote, kila moja kwa upande wake. Zifunge pamoja kwa mbao za kukatiza zenye bolti, au tumia vishikio vya chuma. Sheria za Marekani zinakataza waziwazi kutegemea mbao zilizogongwa misumari peke yake kushikilia kitanda cha koili. Hata ulipo usipokuwa na sheria kama hiyo, ifuate. Koili inayotoka kwenye trela haimwachi mtu aliye mbele yake.

## Hatua ya 8: Gonga misumari kwa mpango

Msumari ni wa kushika mbao isihame mahali pake. Kazi ya kuzuia mzigo ni ya mbao na kile inachoegemea. Chukulia kila msumari unahimili kilo 100 za msukumo wa pembeni: zile tani 5 za hatua ya kwanza zinataka misumari 50, yote ikiwa imeshika sawasawa. Haiwezekani kwenye kipande kimoja cha mbao bila kukipasua.

Mahali unapogonga, fuata haya:

- Gonga kwa zigizaga, usifuate mstari mmoja. Misumari iliyo mstari mmoja kwenye uzi mmoja wa mbao hupasua mbao kama shoka.
- Mbao ngumu itoboe kwanza kwa keekee.
- Usigonge kwenye kichwa cha mbao, kufuata nyuzi. Hapo msumari unachomoka kwa urahisi.
- Msumari una nguvu unaposukumwa ubavuni kuliko unapovutwa utoke. Panga ili mzigo uusukume, usiuvute.
- Pata ruhusa ya mwenye trela.

Mbao ikipasuka wakati wa kugonga, itoe. Usiongeze msumari mwingine pembeni ya ufa.

## Hatua ya 9: Sasa funga mikanda

Mbao kwanza, mikanda baadaye. Mikanda ikitangulia, unapogonga maegemeo unausogeza mzigo na mikanda inalegea.

Pitisha kila mkanda moja kwa moja juu ya mbao ya kulalia. Ukipita kati ya mbao mbili, unaupinda mzigo chini. Baada ya kilomita chache utanyooka au utakaa zaidi, na mkanda hauna kitu tena.

Angalia pembe. Mkanda unaoshuka wima unabana kwa nguvu yake yote. Ukilala mpaka nyuzi 30 kutoka sakafuni, unabana kwa nusu tu. Mzigo mfupi na mpana unadanganya wengi hapa.

Kwa idadi, kanuni ya Marekani ni kipimo kizuri cha kuanzia: mzigo usiozuiwa mbele uwe na mikanda miwili kwa mita 3 za kwanza, kisha mmoja kwa kila mita 3 zinazofuata au sehemu yake. Jumla ya uwezo wa kazi wa mikanda yote isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Hicho ni kiwango cha chini. Hesabu yako ya hatua ya kwanza ikitaka zaidi, ifuate hiyo.

## Hatua ya 10: Chora alama, kisha kagua njiani

Chukua chaki. Chora mstari unaopita kutoka kwenye mbao hadi sakafuni, na mwingine kutoka kwenye mzigo hadi kwenye mbao. Fanya hivyo kila kizuizi. Mistari ikiachana, kitu kimesogea, hata kama macho hayaoni.

Simama ndani ya kilomita 80 za mwanzo. Mimi husimama mapema zaidi, kwenye nafasi salama ya kwanza. Mbao zinakuwa zimekaa, mikanda imevutika. Baada ya hapo kagua kila saa tatu au kila kilomita 240, yoyote itakayotangulia. Ongeza ukaguzi baada ya barabara ya mashimo, breki kali, au mvua. Mbao na sakafu zikilowa msuguano hubadilika, na mbao zilizolowa zikikauka hulegea.

Ukikuta egemeo limelegea, usiishie kukaza mkanda. Tafuta sababu: limepasuka, limebonyea, au limechepuka. Lirudishe kwa nyundo, gonga kabari kuziba upenyo, kisha ndipo ukaze mkanda.

Umefaulu ikiwa: mistari ya chaki bado imenyooka ulipofika.

## Hatua ya 11: Kushusha

Mzigo unaweza kuwa umelalia kizuizi njiani, na mbao unayotaka kuitoa ndiyo inayouzuia usikuangukie. Zunguka trela kwanza, utazame mzigo umeegemea wapi. Ushikwe na kreni au foklifti kabla mkanda wa mwisho haujafunguliwa. Fungua racheti polepole, na asisimame mtu upande ambao mzigo unaweza kwenda.

Kabari zitolewe kwa mtaimbo au kwa kamba ukiwa pembeni, usiingize mkono chini ya bomba.

Mbao zilizobeba uzito zitenge. Iliyobonyea, iliyopasuka au iliyotoboka misumari mingi isirudi kwenye kazi ya kuzuia. Nzima zipange mahali pakavu, zikiwa zimeinuliwa kutoka chini. Ng'oa misumari yote sakafuni na kwenye mbao, uihesabu uliyogonga na uliyong'oa. Inayopungua itafute kabla gari halijaondoka, maana itaishia kwenye tairi.